Kikaratasi cha Neno Samehe

Jumatatu, 5 Mfunguo Saba, 1303

Miguu imevimba tena. Mjakazi wangu Zafarani ameikanda kwa mafuta ya nazi. Akibonyeza, shimo la kidole linabaki. Tabibu alisema maji yakipanda mpaka kifuani, basi. Leo yamefika magotini.

Bwana Maneno amekuja asubuhi kama desturi, na sanduku lake la vikaratasi. Kwa hesabu ya kwao huu ni mwaka 1886. Ni Mwingereza aliyepanga nyumba karibu na soko, na hilo jina amepewa na watu wa mtaa. Hanunui pembe, hahubiri dini. Anakusanya maneno. Kila neno na kikaratasi chake: kushoto neno letu, kulia maana kwa Kiingereza, chini mfano. Mfano hataki wa kitabuni. Anataka maneno ambayo mtu huyasema kila siku nyumbani mwake.

Mimi nampa. Kisha yeye hutoka uani, humsomea Zafarani mfano ule kwa sauti kubwa, kama mwadhini mwenye mafua, amwulize kama amefahamu. Anasema mimi nimesoma mno, masikio yangu si masikio ya watu. Zafarani akisema sawasawa, anatia alama ya wino mwekundu.

Leo: maji, mlango, ufagio, chelewa, haraka. Nikampa: Lete maji. Funga mlango. Ufagio uko wapi, mvivu wewe? Kwa nini umechelewa? Fanya haraka.

Nikamsikia Zafarani akicheka uani. "Ala! Na wewe Bwana Maneno wanituma? Yule mmoja hanitoshi?" Mzungu naye akacheka. Hakuelewa.

Nampokea kwa kuwa hakuna mwingine anayekuja.


Jumanne, 6

Ametoa neno mtumwa. Nikamwambia hilo peke yake halitoshi. Nikamtajia: mtwana, mjakazi, kitwana, kijakazi, mzalia aliyezaliwa nyumbani, mateka, mjinga aliyefika juzi kutoka bara, suria. Akaandika yote. Upande wa kulia akarudia neno moja tu, slevu, na vimaneno vidogo nyuma yake. Lugha maskini kwa mambo haya. Sisi tumeyafanyia kazi.

Akataka mfano wa mzalia. Nikasema: Mzalia hana baba.

Zafarani aliposomewa huo hakucheka. Alisema sawasawa, akaendelea kuchambua mchele.


Alhamisi, 8

Zafarani amekwenda Mbegani. Kila mwezi, Alhamisi moja, huenda kwenye shamba langu la minazi kulifagia kaburi la mwanawe Hidaya, aliyekufa kwa ndui akiwa na miaka saba. Hufagia, humwagia maji, hupanda mrehani. Miaka ishirini na moja sasa. Mvua haimzuii. Homa haimzuii.

Amerudi jua limekwisha kuinama. Tangu asubuhi sijatia kitu kinywani. Nimemtukana. Nimemwambia aliyekufa hali, mimi ndiye ninayekula. Akasema, "Niwie radhi, Bwana, majani yalikuwa mengi." Akainama akawasha moto.

Hakuna mtu katika kaburi lile.

Basi, nimeliandika. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza. Kitabu hiki nakiacha wazi kitandani na kila asubuhi yeye hukifuta vumbi. Hajui hata alifu.


Ijumaa, 9

Kwetu mgonjwa akiona safari ya mwisho imekaribia huwaita watu wa nyumbani na majirani, awatake radhi. Nao husema wamesamehe. Nimefanya hivyo leo baada ya sala. Wamekuja wawili tu, fundi Kombo anayeshona kofia nyumba ya pili, na ndugu yake Makame. Wamesema wamenisamehe. Kombo akaongeza kwamba hata ile siku niliyomwita mjinga mbele ya wateja wake. Nilikuwa nimeisahau.

Zafarani alikuwa anapara samaki. Nikamwita. Hakuacha kisu. "Nimekusamehe, Bwana, ninalolijua na nisilolijua." Magamba yanaruka. "Huyu changu nimkaange au nimchome?"

Mtu mwingine angelala usingizi baada ya hapo. Mimi nimefundisha dini miaka arobaini. Haki ya Mungu, Mungu huisamehe. Haki ya mja, mja mwenyewe aisamehe, tena ajue anachokisamehe. Wanafunzi wakiisahau sehemu hiyo ya mwisho nilikuwa nikiwapiga bakora. Sasa najua kwamba neno la Zafarani halinifai kitu.

Bwana Maneno naye kaja na kikaratasi cha neno samehe. Eti alitusikia akiwa barazani, akalipenda. Maana ameipata mara moja. Akataka mfano. Nikamwambia aache, siku nyingine. Akakiweka chini kabisa ya sanduku, kikiwa kitupu.


Jumamosi, 10

Uji umenimwagikia shingoni. Nimempiga Zafarani kwa kipini cha pepeo. Nguvu zimeniisha kiasi kwamba aliniuliza, "Wataka nikupepee, Bwana?"


Jumapili, 11

Nieleze sasa, pumzi ikiwa bado ipo.

Zafarani nilimnunua angali binti. Nikamfanya suria kwa siri. Mke wangu alikuwa wa ukoo mkubwa, na nyumba hii ilikuwa ya baba yake. Zafarani aliposhika mimba, mke wangu aliniuliza mara moja tu. Nikaweka mkono juu ya msahafu, mimi mwalimu, nikaapa kwamba sikumgusa.

Kwa sheria yetu suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa yeye ni huru. Mtoto ni mwungwana tangu tumboni. Kwa kiapo kile nikawanyang'anya wote wawili haki hiyo. Hidaya akawa mzalia asiye na baba. Zafarani hakusema kitu. Angemwambia nani?

Mtoto akakua. Masikio yakachomoza kama haya yangu. Alikuwa akikaa chini ya dirisha la chuo changu cha Kurani, anawasikiliza wanafunzi, anaandika mchangani kwa kijiti. Sikumwita ndani, sikumfukuza. Alipofika miaka saba alikuwa akisoma juzuu nzima bila kukosea, hali watoto wa mashehe wanakwama. Siku moja mgeni kutoka Kerege alikaa barazani akamsikia. Akasema, "Mashaallah, Mwalimu! Huyu binti yako amekufuata ulimi, na masikio pia."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia.

Hakupiga kelele. Aliniambia, "Ijumaa isimkute mtoto huyu katika nyumba ya baba yangu."

Mwaka ule ndui ilikuwa mjini. Ilinifaa. Nilimwambia Zafarani nitampeleka mtoto shamba, mbali na maradhi. Akanishukuru. Akanibusu mkono. Akamfungia mwanawe mikate ya mofa katika kitambaa. Sikufika naye shamba. Nilimwuza njiani kwa mtu wa Saadani, jina lake Nasibu, mwenye mashamba ya mtama. Hidaya hakulia. Aliuliza tu kama huko waendako kuna chuo. Nikasema kipo.

Baada ya siku nne nikaleta habari. Maiti ya ndui huzikwa upesi, na wanawake wetu hawafuati jeneza. Mambo hayo mawili yalinitosha. Mnyapara wangu kule Mbegani alikata mgomba wa kimo cha mtoto. Tukauvika sanda, tukaufunga vizuri. Nikasimama mbele ya wanaume sita wa shambani, nikauswalia. Takbira nne. Nikauombea kaburi pana. Mmoja wao alilia kwa kwikwi mpaka nikaona haya.

Mnyapara amekwisha kufa. Mke wangu amekufa, mwaka wa tisa huu. Nilipomzika yeye hapakuwa na wa kumwogopa tena. Ningeweza kusema siku ile. Sikusema, kwa kuwa nilikuwa nimezoea.

Na miaka mitano nyuma alikuja msafiri kutoka Saadani, akahadithia hapa barazani kama kioja: kuna mjakazi kule wa Nasibu, amesoma, anawasomesha watoto wa bwana wake, ana masikio kama mabawa. Nikamwambia dunia ina mengi. Zafarani ndiye aliyetuletea kahawa.

Majuto ninayoyasoma vitabuni sinayo. Nina hofu. Hata moto wa Mungu uko mbali kidogo. Hofu iliyo karibu ni hii: nikimwambia, nani atanigeuza kitandani?


Jumanne, 13

Sefu amekuja kunitazama. Ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, na ndiye mrithi wangu peke yake. Alitazama boriti kwanza, kisha mlango wa nakshi, kisha mimi. "Ami, chakula kinapita?" Nikasema kinapita. Akasikitika.

Alimwita Zafarani akamwambia afungue kinywa. Akamtazama meno. "Bado ana kazi huyu. Nitampeleka kwenye miwa, Pangani." Alisema mbele yake kama mtu anayesema habari ya jembe.

Zafarani akasema, "Haya, Bwana mdogo." Akarudi jikoni. Nikamsikia anamwambia paka, "Umesikia? Shukuru wewe huulizwi meno."

Nikifa kimya, Sefu anamchukua. Nikisema, hawezi kumgusa. Jambo liko wazi hivyo, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua. Nikanyamaza. Uji ulikuwa haujaiva.


Jumatano, 14

Maji yamefika mapajani. Nalala nimeegemea mito.

Bwana Maneno leo hakutoa neno. Alisema, "Mwalimu, jana nimeisoma mifano yako yote kwa mfululizo. Ni amri na matusi. Katika nyumba hii hakuna mtu anayeulizwa habari yake?" Hakusema kwa ubaya. Nikamwambia ndivyo watu wasemavyo. Akasema kwa fundi Kombo wanasema mengine.

Alinikera. Nikamgeuzia maneno, nikamwuliza yeye: mtoto wa kike wa mtu, kwenu mnamwitaje? Akasema: dota. Nimelisema mara nyingi nikiwa peke yangu. Dota. Kwa Kiswahili sijawahi kulisema neno hilo juu ya Hidaya. Kwa Kiingereza halichomi, kama kutema kokwa.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mzungu huyu husoma chochote nimpacho. Hamjui Hidaya. Hajui ni nini kimezikwa Mbegani. Akisoma, anasoma kwa sauti, na anayesomewa ni mtu mmoja.

Ni njia ya mwoga. Najua. Sina nyingine.


Alhamisi, 15

Nimefanya.

Alitoa maneno ya sokoni: nunua, pima, uza. Ya kwanza mawili nikampa upesi. Kwa uza nikamwambia aandike: Hidaya hakufa, Bwana alimwuza kwa Nasibu wa Saadani.

Akauliza Hidaya ni nani. Nikasema jina tu, mfano hunoga ukiwa na jina. Akafurahi. Akasema huu ndio mfano wangu wa kwanza ambao si amri.

Zafarani alikuwa uani anakuna nazi. Mlango ulikuwa wazi; nilikuwa namwona mgongo. Bwana Maneno akasoma nunua. Sawasawa. Akasoma pima. Sawasawa. Akasoma uza.

Mkono ukasimama.

Mzungu akauliza kama siku zote, "Umefahamu?"

Kisha Zafarani akasema, "Soma tena."

Akasoma tena, polepole, kila neno akilitenga, kwa kuwa alidhani amekosea kutamka. Nasibu alimtamka vibaya. Saadani aliitamka vizuri sana.

"Nimefahamu," akasema Zafarani.

"Ni Kiswahili sawasawa?"

"Sawasawa."

Akatia alama nyekundu. Zafarani akaendelea kukuna nazi hadi akaimaliza. Akachuja tui. Akapika. Aliniletea wali na kunde, akaniweka sawa kwenye mito, akanisubiri nimalize, akaondoa sahani. Hakunitazama usoni wala hakuniepuka.

Chakula kilikuwa kizuri. Nilikula chote.


Ijumaa, 16

Uji haukuja. Nimeita mpaka sauti imekauka. Jembe halipo penye ukuta.

Nimejikojolea. Fundi Kombo alisikia mchana, akaja akanibadilisha shuka. Aliuliza mjakazi wangu yuko wapi. Nikasema nimemtuma.


Jumamosi, 17

Amerudi asubuhi. Udongo mpaka kwenye viwiko. Kucha mbili zimeng'oka. Ametoka Mbegani, alilifukua kaburi peke yake, amelifukua lote, tangu kichwani hadi miguuni.

Nilijua atakuta nini. Mgomba hauachi mfupa. Amekuta udongo na wadudu chungu waliojijengea ndani.

Alikuwa amebeba zile mbao mbili zinazosimamishwa juu ya kaburi, moja kichwani, moja miguuni. Mimi mwenyewe ndiye niliyezichonga wakati ule, na nilizichonga vizuri, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Ameziegemeza kitandani kwangu. Moja nyuma ya kichwa changu. Moja penye nyayo.

"Zako hizi," akasema.

Kisha akaenda kuoga. Nilimsikia akijimwagia maji, kata baada ya kata, muda mrefu, kama anayetoka kuosha maiti.


Jumapili, 18

Ameingia asubuhi akaniambia, "Sabalkheri."

Miaka thelathini huyu amenipigia shikamoo kila asubuhi, nami nikimjibu marahaba nisitazame. Leo ameniamkia kama wanavyoamkiana watu walio sawa. Nilijibu, "Akheri."

Nyuma yake waliingia fundi Kombo, ndugu yake Makame, na Bwana Maneno na karatasi kubwa na wino. Mzungu alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Bila shaka wamekwisha kumweleza alichokisoma Alhamisi. Hakunisalimu.

Zafarani alisimama penye mbao ya miguuni. "Andika," akaniambia.

Nikauliza niandike nini.

"Andika jina lake. Andika jina lako, wewe ndiwe baba. Andika kwamba yeye ni mwungwana tangu tumboni mwangu, na aliyemnunua alinunua mtoto wa watu. Andika kwamba mimi ni huru leo. Usiandike siku utakapokufa; wewe waweza kukawia makusudi."

Makame alicheka, akajiziba mdomo.

Mkono wangu ni mzito sasa, herufi zilikuwa zinatambaa. Zafarani akasema, "Fanya haraka." Nikatua nipumzike. Akasema, "Kwa nini umechelewa?" Ni maneno yangu mwenyewe, moja moja, kwa sauti yangu. Hakuyapata katika vikaratasi. Ameyasikia miaka thelathini.

Nikaandika yote. Nikaandika binti yangu, kwa Kiswahili. Kombo na Makame wakatia majina yao. Kombo alipomaliza akafuta kalamu vizuri kwenye shuka langu, kama iliyogusa najisi, akaniambia, "Mwalimu, Ijumaa ile nilikusamehe mapema mno."

Walipotoka nikamwita Zafarani. Nikasema: sasa unajua unachokisamehe. Nakutaka radhi.

Alikuwa anaipuliza karatasi wino ukauke. Aliipuliza mpaka ikakauka. Akaikunja mara mbili, akaitia kifuani, akatoka.


Jumatatu, 19

Ameondoka alfajiri. Fundi Kombo ameniambia. Amefuatana na wanawake wapelekao vyungu Saadani. Watavuka mto Kingani kwa mtumbwi, kisha Wami. Siku tatu kwa miguu.

Kombo anasema alikuwa amefunga mikate ya mofa katika kitambaa. Anashangaa, kwa kuwa Hidaya sasa ni mtu mzima wa miaka ishirini na minane, ikiwa yu hai.

Kitandani ameniachia mtungi mmoja wa maji na kata juu yake. Mtungi umejaa. Kata imewekwa upande wa mkono wangu wenye nguvu.


Jumanne, 20

Sefu amekuja akiwa amesikia habari. Amepiga kelele. Amesema nimemfedhehesha mbele ya mji na nimempotezea mali. Akasema, "Ami, uzee umekupa wazimu, nani alikuuliza?" Alitaka kuzitupa zile mbao uani. Nikamwambia aziache. Akaziacha, akaondoka na zulia.


Alhamisi, 22

Maji yamefika kifuani. Naandika mistari miwili, napumzika.

Ni Alhamisi, na Mbegani hakuna atakayefagia tena.

Mpishi wa Bwana Maneno huniletea uji sasa. Anatia chumvi nyingi. Simsemi.

Bwana Maneno mwenyewe amekuja asubuhi hii. Sikutazamia. Alikaa mbali kidogo, sanduku magotini. Akasema Zafarani alipita kwake Jumatatu kabla ya kuondoka. Naye alitoa kile kikaratasi kilichobaki kitupu, cha samehe, akamwuliza kama ana mfano. Zafarani alisimama na mzigo kichwani, akafikiri, akampa. Sasa yeye anataka kuuhakikisha, kama desturi. Amekosa masikio mengine. Ameuleta kwangu.

Akasoma kwa sauti ile ile kubwa:

"Nikimpata Hidaya, nitamwuliza kama amemsamehe."

Ndege walikuwa wanapiga kelele juu ya paa. Siku tatu zimetimia; huenda amefika, huenda sasa hivi anabisha hodi penye mlango wa Nasibu. Kurudi ni siku tatu nyingine. Niliweka mkono kifuani, nikabonyeza. Shimo lilibaki.

"Umefahamu, Mwalimu?"

Nikasema nimefahamu.

"Ni Kiswahili sawasawa?"

"Sawasawa."

Akachovya kalamu katika wino mwekundu, akatia alama.